Kigoma hadi Guangzhou: jinsi ya kukokotoa umbali na saa za ndege

Anayetoka Kigoma kwenda ng'ambo, awe mfanyabiashara anayefuata mzigo China au ndugu anayehamia Marekani, huulizwa mambo mawili na wanaobaki: ni mbali kiasi gani, na utafika saa ngapi? Umbali ni hesabu ya dakika tano ukiwa na simu. Muda ndio wenye mitego. Ukigawa kilomita kwa mwendo wa ndege unapata saa za angani tu, ndege ikiwa imeshatulia kwenye mwendo wake, na abiria hasafiri saa hizo peke yake. Hapa tunazifanya hesabu zote mbili kwa safari ya Kigoma, Dar es Salaam hadi Guangzhou. Ukishazielewa, weka viwanja vyako mwenyewe.

Gawa safari vipande

Usipime Kigoma hadi Guangzhou kwa mstari mmoja. Hakuna ndege ya abiria inayoupita mstari huo, kwa hiyo jibu lake halikusaidii kupanga chochote. Andika kila mahali ndege itakapotua, kisha pima kipande kimoja kimoja.

Tumia misimbo ya herufi tatu iliyo kwenye tiketi, maana majina ya miji huchanganya. Kigoma ni TKQ, Tabora ni TBO, Dar es Salaam ni DAR. Ukiandika "Kig" kwenye ukurasa wa kukata tiketi, Kigali (KGL) nayo hujitokeza, na kidole kikiteleza umenunua safari ya Rwanda. Guangzhou ni CAN, na msimbo huo umeshawafanya wengi wadhani tiketi ni ya Canada. Ukikuta herufi nne, kama HTKA kwa Kigoma, huo ni msimbo wa marubani na waongoza ndege. Kiwanja ni kilekile.

Latitudo na longitudo

Fungua ramani kwenye simu, kuza mpaka uione njia ya kurukia, kisha gandamiza kidole juu yake mpaka alama nyekundu itokee. Namba mbili zitajitokeza: ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Pima kwenye njia ya kurukia, usipime katikati ya mji. Kigoma tofauti ni ndogo mno, lakini kiwanja cha Guangzhou kiko kilomita 28 hivi kaskazini mwa katikati ya jiji. Desimali tatu zinatosha, kwa kuwa 0.001 ya digrii ni kama mita 111.

Kigoma: −4.886, 29.671
Tabora: −5.076, 32.833
Dar es Salaam: −6.878, 39.203
Guangzhou: 23.392, 113.299

Alama ya kutoa kwenye latitudo inamaanisha kusini mwa ikweta. Kwenye longitudo inamaanisha magharibi mwa Greenwich, kama vilivyo karibu viwanja vyote vya Marekani na sehemu ya Afrika Magharibi. Kuisahau alama hiyo ndilo kosa la kwanza kwa wingi. Ukiisahau kwa Dar es Salaam, umeuhamishia mji kaskazini mwa ikweta, na umbali wa kwenda Guangzhou unapungua kilomita 600 na ushee bila hesabu kuonyesha dalili yoyote ya kasoro.

Umbali wa ndani ya nchi

Tanzania iko karibu na ikweta, na hapa tuna bahati: kwa umbali usiozidi kilomita 1,500 hivi, unaweza kuichukulia ardhi kuwa bapa na bado ukapata jibu la kuaminika. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111.2. Digrii moja ya longitudo ni 111.2 ukizidisha kwa kosaini ya latitudo, na kwa latitudo zetu kosaini hiyo ni kama 0.995.

Kigoma hadi Dar es Salaam: tofauti ya latitudo ni 1.992, na ukizidisha kwa 111.2 unapata kilomita 221.5. Tofauti ya longitudo ni 9.532, mara 111.2, mara 0.995, ni kilomita 1,054.7. Kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili (√) cha jumla hiyo: kilomita 1,078. Kwa reli ya kati mtu huyohuyo anasafiri kama kilomita 1,250.

Sasa fanya hivyohivyo kwa ndege inayopitia Tabora. Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351, Tabora hadi Dar es Salaam ni 732. Jumla 1,083. Tabora iko karibu kabisa juu ya mstari wa Kigoma na Dar, hivyo kuipitia kunaongeza kama kilomita 5 tu. Shika namba hiyo, maana tutakapofika kwenye muda utaona kilomita 5 zinaweza kugharimu nini.

Umbali wa mbali

Kwa Dar es Salaam hadi Guangzhou njia ya ardhi bapa haifai tena. Dunia ni tufe, na njia fupi kati ya pointi mbili juu ya tufe hufuata duara kuu, lile duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Waliosoma mada ya dunia kama tufe kwenye hisabati za sekondari wataikumbuka, ila wengi walizoea mifano ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja na hupima kwa kufuata mstari wa latitudo. Ndege hazifuati mstari huo, kwa kuwa mbali na ikweta huwa mrefu kuliko duara kuu. Ndiyo maana kwenye ramani ya ukutani njia ya ndege huonekana imepinda wakati ndiyo iliyonyooka.

Geuza simu ilale ili kikokotoo kionyeshe sin na cos. Kabla ya chochote, andika sin 30. Ikileta 0.5, endelea. Ikileta −0.988, kikokotoo kiko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), na kila utakachokipata kitakuwa upuuzi; bonyeza kitufe cha Deg au Rad mpaka jibu liwe 0.5. Usiamini maandishi ya kitufe chenyewe, kwa sababu kwenye simu nyingine kinaonyesha hali iliyopo na kwenye nyingine kinaonyesha hali utakayoingia ukikibonyeza.

Kanuni ni hii: sin ya latitudo ya kwanza mara sin ya latitudo ya pili, jumlisha cos ya latitudo ya kwanza mara cos ya latitudo ya pili mara cos ya tofauti ya longitudo. Jumla hiyo itie kwenye cos⁻¹, upate digrii. Digrii zidisha kwa 111.2.

Kwa safari yetu:

sin(−6.878) × sin(23.392) = −0.1198 × 0.3970 = −0.0476
tofauti ya longitudo: 113.299 − 39.203 = 74.096
cos(−6.878) × cos(23.392) × cos(74.096) = 0.9928 × 0.9178 × 0.2740 = 0.2497
jumla: 0.2021
cos⁻¹ ya 0.2021 = 78.34
78.34 × 111.2 = kilomita 8,711

Weka desimali nne njiani, usikate mpaka mbili. Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazitumia, zidisha digrii kwa 60: hapa ni 4,700. Kwa kuwa dunia si tufe kamili bali imebonyea kidogo kwenye ncha, jibu linaweza kupishana na kipimo cha kitaalamu kwa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kwa msafiri si kitu.

Safari za Marekani zina mtego wake kwenye tofauti ya longitudo. Kiwanja cha JFK cha New York kiko 40.640, −73.779. Kutoa namba hasi ni kujumlisha: 39.203 na 73.779 ni 112.982, na umbali kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 12,440. Ukipuuza alama ukatoa moja kwa moja, unapata 34.576, na kikokotoo kitakuambia kilomita 6,360. Ni nusu ya safari. Na tofauti ikizidi 180, kama kwa viwanja viwili vilivyo pande mbili za Bahari ya Pasifiki, itoe kwenye 360. Kwa kanuni hii ya kosaini jibu halibadiliki, lakini kwa macho yako itakuonyesha ndege inapita upande gani.

Usiyetaka hesabu, tovuti ya Great Circle Mapper inapokea DAR-CAN na kukupa umbali na mchoro. Hata hivyo fanya mwenyewe angalau mara moja, ili siku ukiona namba ya ajabu kwenye tovuti fulani ujue kuwa ni ya ajabu.

Kugeuza kilomita kuwa saa

Kwa mwendo wa kupangia safari, chukua kilomita 650 kwa saa kwa pangaboi kubwa kama Dash 8 Q400, 830 kwa Airbus A220 au Boeing 737, na 880 kwa Boeing 787 na ndege kubwa za masafa marefu. Juu ya saa unazopata, ongeza dakika 20 kwa pangaboi na dakika 30 kwa jeti. Nyongeza hiyo ni ya kutambaa ardhini, kupaa, kupanga foleni ya kutua na kushuka, sehemu ambazo ndege haiwi kwenye mwendo wake kamili. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni mpaka inaposimama langoni kule, kwa hiyo bila nyongeza hesabu yako na tiketi havitapatana.

Kigoma hadi Dar es Salaam moja kwa moja kwa Q400: 1,078 gawa kwa 650 ni dakika 100 hivi. Ongeza 20, ni saa 2.

Kupitia Tabora: kipande cha kwanza dakika 32 na 20, jumla 52. Ardhini Tabora kushusha na kupakia abiria, weka 30. Kipande cha pili dakika 68 na 20, jumla 88. Yote ni dakika 170, yaani saa 2 na dakika 50. Zile kilomita 5 zimekula dakika 50, na chanzo si umbali hata kidogo. Ni kupaa mara mbili, kutua mara mbili na kusubiri uwanjani. Anayelinganisha ndege kwa umbali pekee hataliona hili kamwe. Angalia kwanza kama tiketi ina kituo katikati, kilomita baadaye.

Kwa masafa marefu kuna nyongeza nyingine. Ndege haifuati duara kuu sawasawa: hupita njia za angani zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi na huzunguka anga zilizofungwa. Ongeza asilimia 4 kwenye umbali. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa na safari kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka, ilhali umbali wa kwenye ramani haukubadilika hata kilomita moja. Kukiwa na jambo la namna hiyo njiani, asilimia 4 haitoshi.

Dar es Salaam hadi Guangzhou: 8,711 mara 1.04 ni 9,059. Gawa kwa 880, ni saa 10 na dakika 18. Ongeza nusu saa: saa 10 na dakika 48.

Ukipitia Dubai, kipande cha Dar hadi Dubai ni kama kilomita 3,980 na cha Dubai hadi Guangzhou ni kama 5,830. Jumla 9,810, yaani kilomita 1,100 zaidi. Angani ni kama saa moja na robo ya ziada. Pamoja na kupaa na kutua kwa pili na saa tatu au nne za kusubiri Dubai, tofauti inafika saa tano au zaidi. Bei ikiwa nafuu sana inaweza kufaa, lakini jua unalipa kwa muda.

Upepo

Kule juu ndege nyingi zinaporuka, mita 10,000 na zaidi, katika latitudo za kaskazini mwa India na kusini mwa China huvuma upepo wa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mkali zaidi Desemba hadi Februari. Anayekwenda China anasukumwa. Anayerudi anapambana nao. Tuseme wastani wa njia nzima ni kilomita 40 tu kwa saa. Kwenda, mwendo juu ya ardhi ni 920. Kurudi ni 840. Kwa kilomita 9,059 tofauti inakaribia saa moja. Hivyo usichukue muda wa kwenda ukaupangia kurudi. Karibu na ikweta pepo za juu ni hafifu zaidi, na kati ya Kigoma na Dar hazikuletei shida ya kuhesabu.

Saa ya kufika

Saa zote kwenye tiketi ni za pale kiwanja kilipo. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), China saa 8. China iko saa 5 mbele yetu mwaka mzima, kwani nchi zote mbili hazibadilishi saa. Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha, Ulaya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, Marekani Machi na Novemba. Kwa hiyo London iko saa 3 nyuma yetu wakati wao wa baridi na saa 2 wakati wao wa joto.

Ndege ikiondoka Dar saa nne asubuhi (10:00), ongeza 10:48, ni 20:48 kwa saa ya Dar. Ongeza 5, ni 01:48 ya siku inayofuata. Tiketi itaandika 01:48 na alama ya +1. Kurudi, ndege ikiondoka Guangzhou 14:00 na ikichukua saa 11 na dakika 20, inatua 01:20 kwa saa ya China, ambayo Dar ni 20:20 ya siku ileile. Ukiitazama tiketi bila kufikiri, safari inaonekana ya saa 6 na dakika 20. Kila unapotaka muda halisi, geuza saa zote mbili ziwe za Dar kwanza, ndipo utoe.

Hapa ndipo wengi wa kwetu hupoteza ndege. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, kwa lugha yetu hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe kiwanjani tarehe 14 saa tatu na nusu usiku. Anayesoma "tarehe 15, usiku" akaenda jioni ya tarehe 15, ndege yake imeshaondoka tangu jana usiku. Unapomwandikia ndugu ujumbe wa kumpokea, andika vyote: "00:30, saa sita na nusu usiku, Jumapili kuamkia Jumatatu." Usimwandikie "saa 6:30 usiku Jumatatu" peke yake, maana kila mmoja ataielewa anavyojua.

Wanaovuka mpaka wa Manyovu kwenda kupandia ndege Bujumbura wakumbuke Burundi iko saa moja nyuma. Ndege ya 14:00 ya Bujumbura ni saa tisa alasiri kwa saa ya Kigoma. Ukirudi, saa hiyo inageuka dhidi yako: kuwahi basi la upande wetu kwa saa ya Bujumbura ni kulikuta limeondoka.

Hakiki kwa safari zilizopita

Ukishapata namba yako, ilinganishe na yaliyotokea. Tovuti kama Flightradar24 na FlightAware huonyesha historia ya safari ukiandika namba ya ndege, ile ya herufi mbili na tarakimu. Tazama siku saba za karibuni: iliondoka saa ngapi kweli, ilitua saa ngapi, na ilichelewa mara ngapi. Hesabu yako ikipishana na wastani wa siku hizo kwa zaidi ya dakika 30, kuna kitu umekiacha, na mara nyingi ni kituo cha katikati au ukanda wa saa.

Tumia historia hiyohiyo kuamua uache nafasi kiasi gani Dar es Salaam. Tiketi ikiwa moja kutoka TKQ hadi CAN, kampuni inayokuuzia inawajibika kukutafutia ndege nyingine ukikosa ya pili. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ukichelewa ni juu yako: utachukua begi mwenyewe, utahama jengo la safari za ndani kwenda la safari za nje, na utasimama foleni ya kaunta upya, nayo safari za kimataifa hufungwa kama saa moja kabla ya kuondoka. Kwa tiketi mbili, saa 6 kati ya kutua na kuondoka ndicho kiwango cha chini tunachokishauri, na kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapokuwa Kigoma na radi zikaweza kuisimamisha ndege asubuhi nzima, toka Kigoma siku moja kabla.